Supachaja Katika Pikapu ya Chama: Mambo ya Kuangaliwa Kwanza

Chama cha msingi chenye pikapu moja huitegemea kila siku: asubuhi mbolea, jioni magunia ya kahawa, na baina yake Katibu kwenda benki. Gari hilo likianza kushindwa mlima, huja shauri la kulifungia supachaja. Shauri hilo si baya, ila yafaa lieleweke vyema kabla Halmashauri haijapitisha fedha.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya silinda. Pwani, shinikizo la hewa ni takriban pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, limepungua kwa kama sehemu moja katika sita. Ndiyo sababu gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana zito huko. Supachaja ya pauni 6 hulipa upungufu huo na kuzidisha.

Lakini hewa peke yake haina nguvu. Hewa ikizidi, lazima petroli nayo izidi kwa kipimo. Isipozidi, joto la silinda hupanda hata pistoni ikayeyuka. Tena hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na petroli duni hulipuka kabla ya wakati wake: injini hugonga kama misumari ndani ya debe. Dereva asikiapo mlio huo aondoe mguu kwenye mafuta mara moja. Kwa hiyo mfumo wa petroli, na katika magari ya siku hizi kompyuta ya injini, hurekebishwa siku ile ile ya kufunga, si mwezi ujao fedha zikipatikana. Hapa ndipo chama huweza kujidanganya: mtambo umenunuliwa, marekebisho yameahirishwa.

Injini iliyochoka isifungwe kitu. Fundi apime kwanza mbano wa kila silinda. Moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, fedha ziende kwenye ringi na vali. Rejeta, klachi na breki zikaguliwe. Kwa injini yenye pistoni zile zile za kiwandani, pauni 5 hadi 7 zatosha.

Jambo moja husahauliwa na wenye mizigo: supachaja haiongezi hata kilo moja kwenye uzito ulioandikwa katika kibao cha kiwanda. Chesi, springi na breki ni zile zile. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa kwa maandishi.

Safari za kwanza zifanywe bila mzigo, kisha plagi zifunguliwe. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Zikiwa nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi, na gari lisipande mlima mpaka fundi alirekebishe.