Tanzia Zilizobaki Magazetini

Mshairi Mathias Mnyampala alifariki mwaka 1969, kabla Ngonjera zake za UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) hazijatoka kitabuni. Mgogo huyu wa Dodoma, mwanasheria, alitunga kwa Kiswahili ambacho watu wa pwani walizoea kukihesabu chao.

Vitabu vyake vipo maktaba. Kazi ya kuhifadhi iko kwenye magazeti ya zamani, walikotungiana washairi.

Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika lililoanza 1923, lilikuwa baraza la washairi wa pwani na bara. Huyu anatupa fumbo, yule anajibu toleo lingine. Mshairi akifariki, wenzake humlilia humo kwa tanzia zenye vina. Diwani peke yake haikuonyeshi majibizano hayo.

Karatasi ya gazeti ina lignini: mwanga huigeuza njano, kisha pindo zinamomonyoka. Ukavu wa Dodoma ni afadhali kuliko unyevu wa pwani, ila mchwa hawana simile. Dawa ni kuupiga picha ukurasa mzima, matangazo yakiwemo, na kuandika tarehe. Bila tarehe hujui nani alianza uchokozi.

Programu za kusoma maandishi kwenye picha hizo hukwama penye wino uliofifia. Hapo anatakiwa mtu wa mizani: mshororo wa mizani 16 ukitoka na 14, anajua silabi mbili zimeliwa, na anajua pa kuzitafuta.