NDEGE YA JESHI INAPOJITAJA JINA

Wiki hii nina barua kutoka Manyoni. Mwandishi wake anasema usiku ulipita mvumo mzito angani, na kulipokucha kijiwe kizima cha kahawa kilikuwa na jibu lake: wengine walisema ni vita ng'ambo ya mpaka, wengine wakasema ni wizi wa madini. Yeye anauliza: je, kuna njia ya kujua ndege ile ni ya nani?

Ipo, na kwa sisi wapenzi wa ndege ndiyo starehe yenyewe. Lakini kwanza tuitazame ramani. Chukua rula, unganisha Nairobi na Lusaka: mstari unapita karibu kabisa na mji wa Singida. Unganisha Dar es Salaam na Kigali, au na Goma: mstari unapita kaskazini kidogo ya mji huu huu. Ni kweli ndege hazifuati rula, zina njia zake zilizopangwa. Hata hivyo mtu wa Singida asishangae kusikia mvumo. Anaishi kwenye njia panda.

Ndege ina utambulisho wa aina mbili. Wa kwanza umeandikwa kwenye mwili wake. Ndege za kiraia za Tanzania huanza na 5H. Zile za Jeshi la Wananchi zimekuwa na namba zinazoanza na JW, na bila shaka umeshafahamu kwa nini. Utambulisho wa pili hauonekani kwa macho. Ni jina la mwito, ambalo rubani hulitaja redioni anapozungumza na waongoza ndege. Ndege ya abiria hutaja jina la shirika lake na namba ya safari. Ndege ya usafirishaji ya jeshi hutaja jina la kamandi yake na namba ya kazi iliyotumwa. Kwa hiyo ndege moja yaweza kuwa na namba moja leo na nyingine kesho.

Ukisikia "Reach", hiyo ni Marekani, kamandi yao ya usafirishaji iliyoundwa mwaka 1992. Kwenye karatasi za safari huandikwa RCH. Kabla ya hapo kamandi iliitwa MAC, na hata marubani walijiita hivyo. "Ascot" ni Jeshi la Anga la Uingereza. Wengi hudhani jina hilo limetoka kwenye uwanja wao wa mbio za farasi, kumbe limetokana na herufi za Air Support Command, kamandi iliyoanza 1967 na kufutwa 1972. "Cotam" ni Ufaransa, nayo ni herufi za kamandi iliyobadilishwa jina mwaka 1994. Kamandi zimekwenda, majina yamebaki, kama kituo cha daladala kinavyoendelea kuitwa kwa duka lililobomolewa zamani.

Wakati mwingine baada ya namba utasikia neno "heavy". Maana yake ndege ina uzito wa kuruka unaofikia tani 136 au zaidi, hivyo anayeifuata akae mbali, maana huacha msukosuko wa hewa nyuma yake. Hercules ya injini nne za pangaboi haifiki huko. C-17 inapita kwa mbali.

Sasa turudi kwenye hofu ya kijiweni. Siicheki. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza kwa mabomu. Yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mtu anayekumbuka hayo ana haki ya kuinua macho.

Lakini afahamu na hili. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika kifungu cha 3, unasema ndege ya jeshi haipiti juu ya nchi nyingine bila idhini ya nchi hiyo. Karatasi ya safari huwekewa herufi M, yaani ya kijeshi, na kama ni kazi ya kibinadamu huandikwa HUM. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, Wamarekani waliifanya Entebbe kituo chao kikuu cha kupitishia misaada. Ndege zilikuwa za kijeshi, mizigo ilikuwa mitambo ya maji na chakula.

Basi jina la mwito litakwambia mwenye ndege. Halitakwambia kilichomo tumboni mwake, na anayekwenda kwa siri anaweza kubadili jina au kunyamaza kabisa. Ndugu yangu wa Manyoni, andika saa na upande ilikoelekea. Kama ilitoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, chukua ile rula uanze na Kigali.