Moli na tungamo la moli: kuhesabu kwa mizani

Moli (nomino, ngeli ya I-/ZI-, alama ya kimataifa: mol) ni kipimo cha wingi wa chembe katika elimu ya kemia. Tungamo la moli ni tungamo la moli moja ya chembe za aina fulani, nalo hutajwa kwa gramu kwa moli (g/mol). Istilahi hizi mbili huandamana katika kila kitabu cha kemia ya awali, na aghalabu huchanganywa, ilhali ya kwanza ni ya hesabu na ya pili ni ya mizani.

Moli ni neno la hesabu

Kiswahili kina maneno ya zamani ya aina zote mbili. Jozi ni vitu viwili, dazani ni vitu kumi na viwili, na korija ni vitu ishirini. Maneno haya hutaja idadi tu. Korija ya kanga na korija ya mablanketi zina idadi moja, ijapokuwa mchukuzi hatazibeba kwa urahisi sawa. Kwa upande mwingine, frasila, ambayo ni takriban kilo 16, hutaja uzito. Frasila ya karafuu na frasila ya pilipili manga zina uzito mmoja, lakini hakuna anayedai kwamba zina punje sawa kwa idadi.

Moli ni ndugu wa korija, si wa frasila. Tofauti yake na korija ni ukubwa wa idadi: moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, yaani takriban 602 ikifuatiwa na sufuri 21. Idadi hiyo ni kubwa kwa sababu atomi ni ndogo mno.

Asili ya neno imechangia kuwapotosha wengi. Wilhelm Ostwald, mwanakemia wa Kijerumani, alilianzisha mwishoni mwa karne ya 19, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya lundo au kitu kizito. Molekuli nayo imetoka katika mzizi huohuo. Hata hivyo, maana ya leo imeachana na uzito. Mwaka 1971 moli ilielezwa kwa kurejelea idadi ya atomi zilizomo katika kilogramu 0.012 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019, inaelezwa kwa idadi yenyewe iliyotajwa hapo juu, pasipo kutegemea dutu yoyote. Idadi hiyo huhusishwa na Amedeo Avogadro wa Italia, aliyetoa nadharia yake ya gesi mwaka 1811. Yeye mwenyewe hakuwahi kuijua. Jina lake lilipewa heshima hiyo na Jean Perrin wa Ufaransa mwaka 1909.

Kwa nini mizani inaweza kuhesabu

Tuseme blanketi moja lina uzito wa kanga tatu. Basi korija ya mablanketi itakuwa na uzito wa korija tatu za kanga. Uwiano wa kimoja kwa kimoja hubaki uleule kwa ishirini kwa ishirini. Mfanyabiashara anayejua uwiano huo anaweza kusawazisha idadi kwa mizani, bila kuhesabu hata kipande kimoja.

Hivyo ndivyo mwanakemia anavyofanya. Atomi moja ya kaboni na atomi moja ya oksijeni zina tungamo la uwiano wa 12 kwa 16. Kwa hiyo gramu 12 za kaboni na gramu 16 za oksijeni zina atomi sawa kwa idadi, nayo idadi hiyo ni moli moja. Namba ambazo mwanafunzi huzisoma katika jedwali la elementi, kama vile 1 kwa haidrojeni, 12 kwa kaboni, 14 kwa naitrojeni na 16 kwa oksijeni, ni za ulinganisho na hazina kizio. Zikiongezewa kizio cha gramu kwa moli, huwa tungamo la moli.

Kanuni inayotokana na hayo ni moja: idadi ya moli ni sawa na tungamo la dutu kwa gramu, ligawanywe kwa tungamo lake la moli. Gramu 36 za maji (18 g/mol) ni moli 2.

Moli ya nini?

Kwa kuwa moli ni neno la hesabu, sentensi yake haikamiliki mpaka chembe zinazohesabiwa zitajwe. Kauli "moli moja ya oksijeni" ina maana mbili: moli moja ya atomi za oksijeni ni gramu 16, lakini moli moja ya molekuli za oksijeni, zenye atomi mbilimbili, ni gramu 32.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika makaa ya mawe, ambayo huchimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Sehemu kubwa ya makaa hayo ni kaboni. Kaboni inapoungua kikamilifu, moli moja ya atomi za kaboni huungana na moli moja ya molekuli za oksijeni, na kutoa moli moja ya molekuli za kaboni dioksaidi. Kwa mizani: gramu 12 na gramu 32 hutoa gramu 44. Ndiyo maana kilo 12 za kaboni hutoa kilo 44 za gesi, jambo ambalo humshangaza anayedhani kwamba moshi ni mwepesi kuliko kilichoungua. Anayesoma "moli ya oksijeni" kwa maana ya atomi atapata 28 badala ya 44. Namba hiyo ni ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokea hewa inapokuwa haba. Neno moja lililoachwa limebadilisha dutu nzima.

Mfano wa mbolea

Katika mkoa huohuo, kuanzia mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbinga hadi Tingi na ufukwe wa Ziwa Nyasa, mkulima anaweza kukutana na mbolea mbili za naitrojeni zinazouzwa kwa mifuko ya kilo 50: urea na salfeti ya amonia, ambayo wakulima wengi huiita SA. Namba zilizo kwenye mifuko, 46 na 21, ni asilimia ya naitrojeni, nazo zinatokana na tungamo la moli.

Fomula ya urea ni CO(NH₂)₂. Jumla yake ni 12 + 16 + 28 + 4 = 60 g/mol. Fomula ya salfeti ya amonia ni (NH₄)₂SO₄. Jumla yake ni 28 + 8 + 32 + 64 = 132 g/mol. Katika kila moja mna atomi mbili za naitrojeni. Kwa hiyo, tukihesabu kwa moli, mbolea hizi ni sawa: moli moja ya yoyote kati yake hutoa moli mbili za atomi za naitrojeni, yaani gramu 28.

Mizani ya duka, hata hivyo, haipimi moli. Gramu 28 katika 60 ni asilimia 46.7, gramu 28 katika 132 ni asilimia 21.2. Mfuko wa kilo 50 wa urea una takriban moli 833, ambazo hubeba naitrojeni ipatayo kilo 23. Mfuko wa uzito huohuo wa SA una takriban moli 379, ambazo hubeba kilo 10 na nusu hivi. Anayetaka naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea kutoka katika SA atahitaji mifuko zaidi ya miwili, pamoja na gharama ya kuisafirisha. Hilo halina maana kwamba urea ni bora kila mahali, kwa kuwa SA huipa ardhi salfa pia. Lakini anayelinganisha bei za mifuko bila kulinganisha kilichomo analinganisha uzito tu.

Vidokezo vya matumizi

1. *Upatanisho.* Moli haibadiliki katika wingi: moli moja ya atomi, moli tatu za atomi, moli hizi zinatosha. Nusu moli na robo moli ni sahihi, kama ilivyo nusu dazani.

2. *Moli na molekuli.* Molekuli ni chembe moja. Moli ni idadi ya chembe. "Molekuli mbili za maji" hazionekani kwa jicho. "Moli mbili za maji" hutosha kulowesha kitambaa.

3. *Tungamo na uzito.* Katika mazungumzo ya kawaida uzito hutumika kwa maana zote mbili. Katika maandishi ya sayansi, uzito ni kani ya mvutano na hupimwa kwa nyutoni. Tungamo hupimwa kwa gramu. Kwa hiyo, andika *tungamo la moli*, si *uzito wa moli*.

4. *Kwa wafasiri.* Neno la Kiingereza linalotafsiriwa moli huandikwa sawa na jina la mnyama anayechimba ardhini, ambaye kwa Kiswahili ni fuko, na pia jina la doa la ngozi. Muktadha wa kemia hauruhusu lolote kati ya hayo.

5. *Kwa walimu.* Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania kemia hufundishwa kwa Kiingereza, kwa wanafunzi waliosoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili. Anayeikariri kanuni ya kugawanya bila kujua kwamba jibu lake ni hesabu ya vitu atakwama pale swali litakapouliza idadi ya atomi. Mwanzo wa somo, muulize: korija ngapi, na za nini? Akizoea kujibu sehemu zote mbili, atazijibu pia kwa moli.