SOMA SARAFU KABLA YA KUIUZA

Katika nyumba nyingi za vijijini ziko sarafu za zamani. Nyingine zimo katika sanduku la bibi. Nyingine zimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Nyingine zimevishwa uzi na kufanywa kidani cha mtoto. Leo haziwezi kununua chumvi wala kiberiti.

Siku moja huja mtu kutoka mjini, akasema ananunua fedha za kale. Humwaga sarafu zote mkekani, akachagua moja au mbili, akatoa hela kidogo, akaenda zake. Mwenye nyumba hajui ameuza nini.

Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma na sarafu. Tafuta mambo matatu: jina la nchi, mwaka, na alama ya kiwanda.

Alama ya kiwanda ni nini?

Ni herufi ndogo, moja au mbili. Mara nyingi huwa karibu na mwaka au chini ya picha. Herufi hiyo huonyesha sarafu ilitengenezwa wapi. Sarafu mbili za nchi moja na mwaka mmoja zinaweza kufanana kama mapacha. Lakini moja ina herufi hii, nyingine ina herufi ile. Huenda za kwanza zilitengenezwa nyingi sana, na za pili chache. Ndiyo maana watu wanaokusanya sarafu huuliza: mwaka gani? Herufi gani?

Sarafu za Wajerumani

Wajerumani walipotawala, rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia mwaka 1904, rupia moja ikawa Heller 100. Kutokana na jina hilo tulipata neno letu "hela". Heller hizo zilitengenezwa Ujerumani. Herufi A ni ya kiwanda cha Berlin. Herufi J ni ya kiwanda cha Hamburg.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Fedha hazikuweza kuja kutoka Ujerumani. Kwa hiyo mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Sarafu hizo zina herufi T, yaani Tabora.

Ziko za Heller 5 na Heller 20. Iko pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Ina picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa kiasi cha 16,000 tu. Mwezi Septemba mwaka huo huo, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora.

Lakini angalia: Heller 20 za Tabora zilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Herufi T peke yake si utajiri. Soma na thamani iliyoandikwa.

Senti za Waingereza

Baadaye zilitumika sarafu zilizoandikwa "East Africa". Wazee wanazikumbuka senti zake zenye tundu katikati. Herufi zake ni hizi:

H – kiwanda cha Heaton, Birmingham, Uingereza.
KN – kiwanda cha Kings Norton, Birmingham.
I – Bombay, India.
SA – Pretoria, Afrika Kusini.
Bila herufi – London.

Sarafu nyingi zenye herufi I na SA ni za miaka ya Vita Kuu ya Pili. Unaona basi kwamba herufi ndogo inaweza kukueleza habari za vita.

Tazama pia mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, kisha akajiuzulu. Huko kwao Uingereza hazikutolewa sarafu zake za kutumia madukani. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilitolewa zikiwa na jina lake. Hata hivyo zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo si za bei kubwa. Sarafu kuwa ya zamani ni jambo moja. Kuwa adimu ni jambo jingine.

Mwaka unaweza kudanganya

Watu wa Pwani na Unguja walitumia riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki. Lakini ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye, katika viwanda vya nchi mbalimbali, na mwaka ukaachwa vile vile. Basi ukiona 1780, usiamini upesi kwamba sarafu hiyo ina umri huo.

Mambo ya kufanya

1. Usisugue sarafu kwa majivu, mchanga au ndimu. Iliyosuguliwa hupungua thamani. Ikiwa na udongo, ioshe kwa maji matupu, uikaushe kwa kitambaa laini.

2. Usiitoboe. Ishike ukingoni.

3. Weka kila sarafu katika bahasha yake.

4. Andika katika daftari: nchi, mwaka, herufi, thamani. Kwa mfano: "East Africa, 1943, SA, senti 5."

5. Akija mnunuzi, usiuze siku hiyo hiyo. Msomee daftari lako, umwulize anataka ipi na kwa sababu gani. Kisha uliza bei kwa mtu mwingine.

6. Ukiuziwa "dhahabu ya Tabora", jihadhari. Ziko za bandia. Ikivutwa na sumaku, si dhahabu. Isipovutwa, bado mpelekee sonara aipime.

7. Ukiona sarafu kwenye magofu ya kale, kama yale ya Kilwa, usichimbe wala usiuze. Hiyo ni historia ya taifa. Toa habari kwa serikali ya kijiji.

Maswali ya kujadili darasani

Je, nyumbani kwako ziko sarafu za kale? Zimeandikwa mwaka gani? Zina herufi gani? Mwulize mzee aliyezitunza: enzi hizo, sarafu moja ilinunua nini? Andika jibu lake katika daftari hilo hilo. Sarafu inaweza kudumu miaka mia, lakini maneno ya mzee yasipoandikwa hupotea.