Bata Bukini Hadanganyiki Ovyo

Kila mwaka majira ya kuchipua, katika vijiji vya Wakrii, wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki ya ghuba ya James Bay, huko Quebec nchini Kanada, shule hufungwa kwa wiki mbili hivi. Hakuna sikukuu wala uchaguzi. Mabata bukini wa mwituni wanarejea kutoka kusini, na familia zinahamia kambini kuwawinda. Najua unachowaza: likizo, bunduki na nyama, nani asiyetaka? Ngoja kwanza nikukalishe ndani ya maficho.

Tuseme una miaka 13. Mwaka huu umekuja kambini kama mwindaji, si mtoto wa kutumwa kuni. Mmeamka alfajiri na babu yako. Theluji bado imetanda, kwa hiyo mmevaa nguo nyeupe juu ya makoti na kujibanza nyuma ya ukuta wa mapande ya theluji na matawi. Mbele yenu mmepanga mabata bandia. Zamani wazee waliwasuka kwa vijiti vya mti uitwao tamaraki. Siku hizi wengi ni wa plastiki. Vidole vimekufa ganzi. Saa ya kwanza inapita, hakuna kitu. Ya pili vilevile. Halafu, mbali sana, mnasikia kelele zao.

Babu anawaita kwa koo lake, akiiga sauti yao. Kundi linageuka. Linakuja! Unainua kichwa ulione vizuri, na papo hapo ndege wote wanapinda, wanapaa juu na kutokomea.

“Wameuona uso wako,” babu anasema. Hasemi zaidi.

Macho ya bata bukini yako kando ya kichwa, hivyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, na kutoka angani uso wa mtu uliogeuzwa juu huonekana haraka. Tena kundi hilo si mkusanyiko wa wapita njia. Mna baba, mama na watoto wao wa mwaka jana waliosafiri pamoja majira yote ya baridi. Bata bukini mwenye bahati huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo yule mzee aliye mbele huenda alianza kupita juu ya ghuba hii, na kuponea bunduki zake, kabla wewe hujazaliwa.

Kesho yake unakaa kimya, uso chini, na bado wanatua mbali nanyi. Upepo umegeuka usiku, na ninyi hamkuwapanga upya mabata bandia. Bata bukini hutua akiukabili upepo. Bandia wakielekea kwingine, au wakibanana bila kumwachia nafasi ya kushukia, anaona kuna jambo.

Hatimaye kundi linashuka. Babu anaashiria kwa kichwa: piga! Unafyatua, na hakuna anayeanguka.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa lenyewe ni la hesabu. Bata bukini ni ndege mkubwa mwenye mabawa yanayopiga polepole, basi jicho hukwambia kwamba yuko karibu na hana haraka. Jicho linakudanganya. Anaweza kuruka kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Marisau ya bunduki huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 35, na katika muda huo bata ameshasogea zaidi ya mita moja na nusu. Ukimlenga yeye, unapiga mahali alipokuwa. Lenga mbele ya mdomo wake, na usisimamishe mkono unapofyatua.

Na umbali? Ukipita mita 40 hivi, marisau hutawanyika na kupoteza nguvu. Ndege hujeruhiwa tu, akaenda kufia kichakani asiliwe na mtu, na hiyo ndiyo aibu kubwa kambini. Zamani marisau yalikuwa ya madini ya risasi. Ndege wa majini humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, na wakimeza marisau yaliyozama matopeni hupata sumu. Tangu 1999 Kanada imekataza marisau hayo kwa uwindaji wa ndege wahamao walio wengi. Ya chuma cha pua ni mepesi zaidi, huishiwa nguvu mapema, kwa hiyo unalazimika kumsubiri bata asogee zaidi. Subira tena!

Siku utakapompata, ataningʼinizwa kwa uzi mbele ya moto, azungushwe taratibu, mafuta yakidondokea kwenye sufuria chini yake.

Lakini kwa maoni yangu gumu kuliko yote ni kutopiga. Kila eneo la uwindaji lina mzee anayeongoza mawindo, na neno lake ndilo sheria. Siku shwari isiyo na upepo hamwindi, kwa sababu mlio wa bunduki husikika mbali na kuwatisha mabata waliotulia kwingine. Giza likiingia, mnaacha. Sehemu mliyowinda leo inapumzishwa. Hebu fikiria: makundi yanapita juu ya hema, bunduki iko tayari, nawe umeambiwa unywe chai.

Wakubwa wa mbali nao walikuwa na amri zao. Mwaka 1916 Uingereza, kwa niaba ya Kanada, na Marekani zilitia saini mkataba wa kuwalinda ndege wahamao. Nia ilikuwa njema, maana ndege walikuwa wanamalizwa. Ila mkataba ulifunga uwindaji kuanzia Machi hadi Septemba, ukasahau watu wa kaskazini ambao nyama hii huwafaa hasa baridi inapoisha. Wakrii waliendelea kuwinda. Marekebisho yaliyoutambua uwindaji huo yalisainiwa 1995.

Sasa usidhani babu amehitimu. Maelfu ya miaka iliyopita barafu nzito iliikandamiza ardhi ya pale, na tangu iyeyuke ardhi inainuka polepole, kama godoro mtu akishaamka, takriban mita moja kila karne. Ghuba zinakauka, vichaka vinaota, na mabata wanabadili njia. Mabwawa ya umeme kwenye mto La Grande nayo yamebadilisha mambo. Wawindaji wa kijiji cha Wemindji wamejenga matuta ya udongo ili maji yabaki, na kukata njia pana msituni ili mabata wapite hapo. Mahali pengine imefaa. Mahali pengine ardhi imewashinda, wakahamisha maficho. Na huko kwenye maficho mapya babu hajajua bado kundi hupita wapi, kwa hiyo leo mnakosa nyote wawili.