Sura ya Saba: Novemba ya Huko

Asubuhi mawingu yanapotawanyika, mtu aliye Bulla Pesa, mjini Isiolo, huuona Mlima Kenya upande wa kusini, na barafu kidogo iliyosalia karibu na kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Naamini kosa ninalokutana nalo kila mara huanzia hapo. Barafu tunayoijua sisi iko juu, basi anayejiandaa kwenda Japani au Korea mwishoni mwa Novemba huuliza kwanza mji huo una mwinuko gani. Akiambiwa Tokyo iko ufuoni, hufungasha sweta moja na kujiona amemaliza.

Ni kweli mwinuko hupunguza joto. Lakini Asia Mashariki, mwezi huo, mwenye amri ni jua. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na kizio cha kaskazini wakati huo kimeelekea mbali na jua. Adhuhuri ya tarehe 25 Novemba jua la Isiolo hupanda nyuzi 69 hivi kutoka upeo wa macho. La Tokyo huishia 34. Miale inayokuja kwa mlalo kiasi hicho hutawanyika juu ya eneo kubwa, na ardhi haipati joto la kutosha. Wapo wanaoshikilia kwamba dunia huwa imekwenda mbali na jua. Waache kueneza jambo hilo: dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati mji wa Harbin, China, umeganda kabisa.

Mchana nao hufupika. Tokyo jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu. Kwa Mwislamu wa Bulla Pesa hili si jambo dogo. Adhuhuri huingia saa tano na nusu, alasiri kama saa nane na robo, na magharibi saa kumi na nusu. Swala tatu ndani ya saa tano! Anayepanga matembezi yake kwa mazoea ya Isiolo, ambako jua huzama baada ya saa kumi na mbili, atapitwa na alasiri akiwa bado kwenye treni.

Kosa la pili ni kuifanya Asia Mashariki kitu kimoja. Mfanyabiashara aliyetoka Guangzhou kununua bidhaa atakwambia shati linatosha, na anasema kweli, kwa kuwa Guangzhou iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Harbin iko China hiyohiyo, na mwishoni mwa Novemba mto wake wa Songhua huwa unashika barafu. Uliza mtu alikwenda mji gani kabla ya kufuata ushauri wake.

Nilikusudia sasa nieleze nguo, lakini haitawezekana bila kueleza upepo. Seoul na Athens ziko karibu katika latitudo moja, ila Seoul ina baridi kali zaidi. Sababu ni Siberia. Siku zikifupika, sehemu hiyo ya bara la Asia hupoa upesi kuliko bahari; hewa yake huwa nzito, hukandamiza ardhi, kisha humwagika kuelekea pande zenye mgandamizo mdogo. Korea huipata moja kwa moja kutoka kaskazini magharibi, kavu na kali. Ikivuka Bahari ya Japani huchota unyevu na kuutua kama theluji kwenye milima ya magharibi ya Japani, kisha hushuka Tokyo ikiwa kavu, ndiyo maana Tokyo huwa na anga safi msimu huo. Nasi tunaujua upepo wa ukoo huo: kaskazi, uliowaleta wenye majahazi wa Arabuni na Bara Hindi hadi Lamu na Mombasa, hutokana na kupoa kwa bara lilelile la Asia. Milima ya Himalaya huizuia baridi kali isishuke upande wetu, na bahari huipasha moto hewa inayotufikia. Mkulima wa Meru, nahodha wa Lamu na mwuza samaki wa Busan kule Korea wanaishi chini ya mfumo mmoja.

Sasa nguo. Wapo wanaosema watu wa nchi kame wana damu nyepesi isiyostahimili baridi, na kwamba tangawizi huirekebisha. Huo ni uzushi, na tangawizi haibadilishi damu ya mtu. Nyumonia nayo huletwa na bakteria na virusi, si kusimama kwenye upepo. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo, kwa hiyo vaa nguo tatu nyepesi badala ya koti moja zito, ya ndani isiwe pamba kwa kuwa ikilowa jasho hukaa na unyevu, na ya juu izuie upepo. Mitumba inatosha kabisa.

Anayetaka kuona majani mekundu mwishoni mwa Novemba aende Kyoto au Tokyo, asiende Seoul, ambako mengi huwa yameshapukutika. Viza ya Japani huombwa mapema, kabla ya safari. Tarehe 23 Novemba ni sikukuu ya taifa huko na vyumba vya Kyoto hujaa, kwa hiyo tafuta chumba kwanza, koti baadaye.