Kuchanika kwa Kano za Bega, na Maneno ya Mgonjwa

Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, katika nchi ya Bagamoyo, aliyeinua jembe na tenga miaka mingi, huenda akafikiwa na siku ambayo mkono wakataa kupanda. Humwendea tabibu akasema, “Mshipa wa bega umekatika.” Neno hilo lataka uangalifu, maana mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na tena ni jina la ngiri. Kilichochanika hapa ni kano, yaani ukamba ushikao msuli na mfupa.

Kano hizo ni nne, nazo hutoka upande wa kombe la mkono zikakizunguka kichwa cha mfupa wa juu. Tabibu huzipima kwa mikono yake. Humwamuru mgonjwa anyoshe mikono mbele, vidole gumba vikielekea chini, kisha huikandamiza. Au, kama alivyoeleza Gerber mwaka 1991, aweke mkono nyuma ya kiuno na kuuinua utengane na mgongo.

Hakuna jaribio moja litoshalo. Murrell na Walton, mwaka 2001, walionyesha kwamba dalili tatu zikikutana, yaani udhaifu wa kuinua, udhaifu wa kuzungusha mkono kwa nje, na maumivu ya kubanwa kwa kano, kuchanika huwa karibu yakini, asilimia 98. Na mtu wa miaka 60 au zaidi zamtosha mbili. Maumivu peke yake ni shahidi dhaifu. Hata picha ya sumaku, ambayo mtu wa Kiwangwa aweza kulazimika kuifuata Dar es Salaam kwa gharama, yaweza kupoteza: mwaka 1995 Sher na wenziwe waliwapiga picha watu wasio na maumivu yoyote, na miongoni mwa waliopita miaka 60 zaidi ya nusu walikuwa na kano zilizochanika.

Kwa hiyo swali la tabibu lina uzito, na “Mkono unauma?” ni swali hafifu, kwani mkono waanzia begani hadi vidoleni. Kiswahili kina maneno makali zaidi. Mkono uliokakamaa hauinuki hata ukiinuliwa na mwingine. Hapo kiungo chenyewe kimeshikana. Uliokufa ganzi huelekeza shingoni. Uliolegea, ambao tabibu huupandisha kwa urahisi na mwenyewe hawezi, ndio unaotia shaka ya kano.